Feza ya kupita mkononi si yako

Siku ya mpira watoto wetu wanasahau hata kula. Lakini timu kubwa inaweza kuangukia ndani ya daftari la hesabu, mbali na uwanja.

Tutazame Rangers, timu ya mji wa Glasgow, kule Scotland. Ilikuwa imekwisha kushika ubingwa wa nchi mara 54. Mwezi wa tano 2011, mfanyabiashara Craig Whyte aliinunua kwa paundi 1 tu, akaahidi kulipa deni la banki, paundi milioni 18. Lililipwa kweli, ila kwa kuuza tiketi za miaka ambayo haijafika. Ni kama mama anayeuza mahindi yangali shambani ili amalize deni la duka. Deni linaisha, lakini watoto watakula nini?

Feza ilipokosekana, timu ikaanza kubakiza ya serikali. Kule, kama huku kwetu, mwajiri anakata kodi kwenye mshahara wa mfanyakazi, na muuzaji anapokea TVA toka kwa mnunuzi, ili aifikishe serikalini. Feza ile inapita tu mikononi mwake. Kwa miezi michache, deni la kodi likafika karibu paundi milioni 9. Tarehe 14 mwezi wa pili 2012, timu ikawekwa mikononi mwa wasimamizi.

Wachezaji wakakubali kukatwa mshahara, wengine hadi asilimia 75, ili wafanyakazi wadogo wasifukuzwe. Haikutosha. Mwezi wa sita, watoza kodi wakakataa kulipwa sehemu tu ya deni, na kampuni ya zamani ikaenda kufungwa. Wadogo pia waliumia: mtu wa kupaka rangi usoni alikuwa anadai paundi 40.

Timu ikaanza upya katika ligi ya nne, chini ya kampuni mpya. Wapenzi hawakuiacha: mchezo wa kwanza wa ligi nyumbani, walikuja zaidi ya 49,000. Ikarudi ligi ya juu mwaka 2016.

Sasa turudi kwenye likelemba yetu. Mtunza sanduku anaposema, «Naazima kidogo, nitarudisha kesho», hapo ndipo kuanguka kunaanza. Feza ya kikundi isilale pamoja na feza ya nyumba. Tuihesabu mbele ya wote, tuiandike, na mwenye zamu apate yake siku yake. Na vijana wakianzisha timu yao mtaani, tuwaulize kwanza: daftari liko wapi?