Akili Mnemba na Daftari la Pweza: Kweli au Si Kweli?

Daftari la mwalo, Kiswere au kijiji kingine chochote cha uvuvi pwani ya Kilwa na Lindi, hujazwa kwa haraka: samaki wako kwenye mizani, mchuuzi anahimiza. Likiingizwa kwenye kompyuta, mstari huu una "kibua", ule "vibua"; kilo hizi zina nukta, zile zina mkato. Siku hizi wapo wanaolipakia lote kwenye programu ya akili mnemba na kuiamuru: safisha!

Inajua Kiswahili, basi inajua samaki. Si kweli. Kibua na vibua havimsumbui mtu. Kazi iko kwa tasi, tafi na taa. Tasi na tafi ni samaki yule yule kwa majina mawili ya pwani, taa ni jamii nyingine kabisa. Programu inayopima ukaribu wa herufi yaweza kuwafanya wote kitu kimoja. Hata Kiswere yenyewe, kwa kuwa haiandikwi sana, yaweza kudhaniwa kosa la chapa na kugeuzwa Kisiwani. Andaa kwanza orodha ya majina pamoja na wavuvi, kisha uiambie ifuate hiyo tu.

Namba iliyozidi mno ni kosa, ifutwe. Si kweli, na hapa ndipo daftari linapoharibiwa hasa. Wanaochokoa pweza kwa miguu huufikia mwamba vizuri siku za bamvua, maji yanapotoka mbali. Maji mafu hawapati kitu cha maana. Kwa hiyo jedwali la pweza lililo sahihi hupanda mara mbili kila mwezi, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Tena mwamba ukifungwa miezi kadhaa ili pweza wakue, siku ya kufunguliwa kilo hupaa. Programu isiyoambiwa habari za mwezi huona vituko, ikavifyeka. Linalobaki ni jedwali tulivu la bahari ambayo haipo. Ongeza safu ya tarehe za mwezi mwandamo kabla ya kusafisha. Mzee yeyote wa pwani atakusaidia kuijaza.

Kisanduku kitupu ni sifuri. Si kweli. Sifuri ni mvuvi aliyetoka akarudi mikono mitupu. Kitupu ni siku ambayo hakuna aliyeandika.

Mkato na saa ni mambo madogo. Si kweli. Kanuni za uvuvi za Tanzania zinakataza kuvua pweza wa chini ya nusu kilo. Ukiandika 0,4 na programu ikautupa mkato, pweza haramu amekuwa wa kilo nne, na kosa limesafishwa lisionekane tena. Saa 11 alfajiri nayo yaweza kuandikwa 11:00, wakati ilipaswa kuwa 05:00.

Inaokoa muda. Kweli, tena sana, ila usiiombe faili lililokamilika. Iombe hatua zilizoandikwa, uzisome, ndipo uziendeshe kwenye nakala. Kisha hesabu mistari kabla na baada. Mwaka 2020 Uingereza ilipoteza kwa siku kadhaa taarifa za wagonjwa wa korona karibu 16,000, kwa kuwa muundo wa zamani wa Excel haubebi zaidi ya mistari 65,536. Akili mnemba haikuhusika. Mistari tu haikuhesabiwa.

Daftari la samaki halina siri ya mtu. Si kweli, kama lina majina na namba za simu za wavuvi. Hizo ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Futa safu hizo kabla ya kupakia, weka namba za siri badala yake, na ufunguo wake ubaki ofisini kwenu.