Kushibana si kudaiwa

Kiswahili kina neno zuri kwa marafiki wasioachana: wameshibana. Kwa wapenzi tunalitumia kwa nadra, na hapo ndipo kijana wa Mpanda, mkoani Katavi, anapopotea. Akisikia "mahusiano", akili inakwenda kitandani moja kwa moja. Ukaribu wenyewe, wa kumweleza mwenzako hofu yako ukijua hataitangaza mtaani, au kumkatalia jambo bila kuogopa kuachwa, hakuna aliyemfundisha kuutambua. Basi anaupima kwa yanayoonekana: amenitumia vocha, ananionea wivu, anataka namba ya siri ya simu yangu.

Zawadi ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Binti anayetembea mwendo mrefu kutoka shule ya kata, akipewa lifti ya bodaboda na chipsi wiki nzima, huanza kujiona anadaiwa. Siku akiombwa mwili, kukataa anakuona kama kukosa shukrani. Mvulana naye ameambiwa na wenzake kwamba aliyegharamia ana haki. Huo ni mkopo, na aliyekopeshwa hakujua masharti.

Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa 2015-16 ulikuta Katavi inaongoza Tanzania nzima: katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Wastani wa taifa ulikuwa 27. Umaskini, umbali wa shule na ndoa za mapema vina sehemu kubwa, sikatai. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, anayempa mwanafunzi mimba akawekewa kifungo cha miaka 30. Lakini kifungo huja mimba ikishaingia.

Zamani kuwafundisha vijana maana ya ukaribu ilikuwa kazi ya bibi na shangazi. Familia nyingi za Katavi zimehamia huku zikifuata tumbaku, mpunga, dhahabu au malisho ya ng'ombe. Shangazi kabaki Shinyanga au Kigoma. Nafasi yake imechukuliwa na kundi la rika na simu.

Mzazi, usimkaripie mwanao kwa kumuuliza kama ana mpenzi. Muulize hivi: "Ukimkatalia jambo, anakuwaje?" Kisha nyamaza umsikilize. Jibu likikutisha, piga 116, huduma ya simu kwa mtoto. Ni bure.