Kiunzi cha Tovuti na Ngeli za Kiswahili: Mfano wa Daftari la Wageni la Karatu

1.0 Utangulizi



Neno kiunzi si geni miongoni mwetu. Kila aandikaye tasnifu hutakiwa kueleza kiunzi cha nadharia kitakachoongoza utafiti wake. Watayarishaji wa tovuti nao wana viunzi vyao, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa ili kushughulikia kazi zinazojirudia katika kila tovuti: kupokea maombi ya kivinjari, kuhifadhi data na kuwatambua watumiaji. Mhadhara huu unaeleza namna ya kusakinisha kimojawapo, kiitwacho Django, na kuunda programu ya kwanza. Hoja yetu ni kwamba kiunzi huja na sarufi ya lugha ya waliokiunda. Hivyo mwanaisimu ana kazi humo.

Mfano wetu unatoka Karatu, mji ulio kwenye barabara itokayo Arusha kwenda Ngorongoro, eneo la hifadhi lililoanzishwa mwaka 1959 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979. Wageni wengi hulala Karatu kabla ya kushuka kreta. Mwenye nyumba ya wageni huandika daftarini jina la mgeni, chumba, gari na saa ya kuondoka. Daftari hilo ndilo tutakalolifanya programu.

2.0 Kusakinisha Kiunzi

Django ilizaliwa katika gazeti la Lawrence Journal-World, Kansas, Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2005. Imeandikwa kwa lugha ya Python, ambayo sharti itangulie kuwamo katika kompyuta. Hatua ni hizi:

(i) python -m pip install django: huleta kiunzi kutoka kwenye intaneti.
(ii) django-admin startproject karatu: huunda folda ya mradi. Kisha tuingie ndani ya folda hiyo.
(iii) python manage.py startapp wageni: huunda programu yetu ndani ya mradi.
(iv) python manage.py runserver: huwasha seva ndogo. Kivinjari kikielekezwa http://127.0.0.1:8000, ukurasa wa makaribisho hutokea.

Baada ya hatua ya kwanza intaneti haihitajiki tena. Kazi yote hufanyika katika kompyuta hiyo hiyo. Katika faili la settings.py, tuongeze 'wageni' kwenye orodha ya INSTALLED_APPS, LANGUAGE_CODE tuiandike 'sw', na TIME_ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam'.

3.0 Sarufi Iliyofichika

Katika faili la models.py tunaeleza kitu kiitwacho Mgeni pamoja na sifa zake. Amri za makemigrations na migrate huunda majedwali ya hifadhidata, createsuperuser humpa msimamizi jina na nywila, na Mgeni akiisha kusajiliwa katika admin.py, huonekana kwenye ukurasa wa usimamizi. Hapo ndipo tunaposoma neno la ajabu: Mgenis.

Kiunzi hakijakosea kwa mujibu wa kanuni yake. Kisipoelezwa vinginevyo, huunda wingi kwa kuongeza s mwishoni mwa nomino. Kiswahili huweka wingi mwanzoni: mgeni, wageni, chumba, vyumba, na twiga hubaki twiga. Dawa yake ni mstari mmoja ndani ya class Meta: verbose_name_plural = "Wageni".

Tatizo la pili ni zito zaidi. Kiunzi hutoa taarifa kwa sentensi moja yenye pengo la nomino. Katika Kiingereza kitenzi hakibadiliki, nomino iwe yoyote. Kwetu, mgeni ameongezwa, chumba kimeongezwa, gari limeongezwa. Mfasiri hana kiambishi kimoja kitakachofaa ngeli zote. Njia mojawapo ni kubadili kiima: "Taarifa za mgeni zimehifadhiwa", "Taarifa za chumba zimehifadhiwa". Kitenzi sasa kinapatana na taarifa, na nomino yoyote inakaa penginepo bila kuvunja upatanisho.

La tatu ni saa. Mgeni aondokaye saa 1 asubuhi huandikwa na kiunzi 07:00. Kubadili TIME_ZONE hakugeuzi mapokeo yetu ya kuhesabu saa. Ni lazima tuandike kanuni ya kuondoa saa sita.

4.0 Hitimisho

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice kwa Kiswahili, na istilahi zikapata matumizi. Istilahi peke yake haitoshi, kwani tumeona kwamba kikwazo kimo katika mofolojia na sintaksia. Aidha, Kiswahili kimo katika orodha ya lugha za Django, lakini Kiiraqw, kinachosemwa Karatu, hakimo. Mwanafunzi wa isimu anayeweza kuandika hatua nne tulizozitaja anaweza pia kuyachunguza haya kwa mkono wake mwenyewe. Asipofanya hivyo, watumiaji wetu wataendelea kusoma Mgenis, na watoto watadhani ndiyo lugha ya kompyuta.