Waridi la Isiolo Lichaguliwe kwa Maji, si kwa Rangi

Anayetaka waridi mlangoni kwake mjini Isiolo kwa kawaida huanza na rangi: jekundu, la manjano au jeupe. Mimi nashikilia kwamba rangi ndiyo inayopaswa kuja mwisho. Kwanza ni joto, pili ni maji, tatu ni udongo, na mmea usioyaweza hayo matatu hautaokolewa na mbolea wala dawa ya duka lolote. Kazi kubwa ya kutunza ua katika nchi kavu hufanyika siku ya kuchagua mche, na ndiyo maana miwaridi mingi hufa mikononi mwa watu wenye bidii kabisa, wanaoimwagilia kila jioni bila kukosa.

Wapo watakaosema kwamba Timau si mbali, na huko mawaridi yanakatwa mwaka mzima yakisafirishwa hadi mnada wa Aalsmeer, Uholanzi. Kwa nini yasistawi hapa chini? Jibu liko kwenye mwinuko. Mashamba ya Timau yako zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hata Naivasha iko karibu mita 1,900, ilhali mji wa Isiolo uko kwenye mita 1,100 hivi. Usiku wa baridi ndio unaolipa tumba muda wa kujijaza petali polepole. Teremsha aina ileile hadi kwenye joto na tumba litakimbilia kuchanua likiwa dogo, kingo zimeungua, na siku ya pili limekwisha. Tena aina hizo zilizalishwa kwa ajili ya shina refu na uvumilivu wa safari, na nyingi zilipoteza harufu njiani. Humo shambani hulishwa maji na mbolea kwa mipira kila siku, chini ya paa la plastiki. Hakuna nyumba inayoweza kuyaiga hayo, wala haina haja.

Pingamizi jingine lina uzito zaidi. Waarabu wanaishi kwenye joto kali kuliko letu, na marashi ya waridi yanayonyunyizwa kwenye harusi na maulidi za pwani yanahusishwa nao. Ni kweli, lakini mawaridi maarufu ya Oman hayalimwi Muscat. Yanalimwa Jebel Akhdar, milimani kwenye mita 2,000 hivi, kwenye vitalu vya ngazi vinavyonyweshwa kwa mifereji ya falaj, na huchanua msimu mmoja tu, baada ya baridi ya milimani kupita. Oman yenyewe, basi, inatufundisha kuupa mmea mahali pake.

Kama bado unautaka mwaridi halisi, na si dhambi kuutaka, tafuta aina ya zamani yenye asili ya China, yenye maua madogo yanayorudi tena na tena; mfano wake unaojulikana zaidi ni Old Blush, uliofika Ulaya karne ya 18. Hiyo hustahimili joto. Kitaluni, inama utazame shina karibu na udongo. Ukiona uvimbe kama goti, huo ni mche uliobebeshwa juu ya mzizi wa aina nyingine, hapa Kenya mara nyingi Natal Briar. Chipukizi lolote linalotoka chini ya uvimbe huo ni la yule mbebaji, nalo litamshinda uliyemnunua usipoling'oa kwenye chanzo chake. Panda upande wa mashariki wa nyumba, mmea upate jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Samadi ya mbuzi Isiolo haina uhaba, ila iachwe ioze kwanza kwa miezi kadhaa, kwani mbichi huunguza mizizi. Mwagilia maji mengi mara mbili kwa wiki badala ya kikombe kila jioni, kwa sababu maji ya juujuu huifundisha mizizi kukaa juu, palepale jua linapochoma. Kisha funika udongo kwa nyasi kavu. Maji ya visima virefu mara nyingi huwa na chumvichumvi: ganda jeupe juu ya udongo ni dalili yake, na jani linalogeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani linaonyesha kwamba mmea umeshindwa kufyonza chuma. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati husaidia kuliko dawa. Hewa yetu kavu huzuia ugonjwa wa madoa meusi, lakini humpendeza utitiri mwekundu. Kung'uta jani juu ya karatasi nyeupe. Vumbi likianza kutembea, osha majani kwa upande wa chini asubuhi mapema.

Hata hivyo mwaridi unakunywa, na kuna swali la haki hapo. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo kaskazini mwa Kenya, na mifugo ikafa kwa wingi. Nani athubutu kumwagia ua mtungi wa lita 20 wakati jirani anaupigia foleni? Naliafiki swali hili, na kwa sababu yake nasema mwaridi halisi uwe mmoja au miwili, unyweshwe maji yaliyokwisha kuosha mboga au kusuuza nguo, na nafasi iliyobaki ipewe waridi la jangwani.

Mmea huu, Adenium obesum, ni wa hapa. Unaota wenyewe kwenye miamba ya Samburu na Buffalo Springs. Shina lake limenenepa chini kwa kuweka akiba ya maji, na katikati ya kiangazi, ukiwa hauna jani hata moja, huchanua maua ya waridi yenye koo jeupe. Wakulima wa Thailand na Taiwan wameuzalisha kwa rangi nyingi na kuuuza duniani kote, na inauma kuona sisi tunaupita porini kama kichaka tu. Ni kweli kwamba kwa ukoo si waridi, na harufu yake ni hafifu. Ni kweli pia, na hili ni zito, kwamba utomvu wake ni sumu: baadhi ya jamii za Afrika Mashariki ziliupaka kwenye mishale. Lakini nyua zetu zimejaa mnyaa, ambao utomvu wake unaweza kupofusha, na tumejifunza kuishi nao. Panda waridi la jangwani ndani ya ua ambako mbuzi hawafiki, mwonye mtoto, nawa mikono baada ya kukata.

Kinachouua si kiu, ni maji kutuama. Penye udongo mweusi wa mfinyanzi, inua tuta la mchanga na kokoto, au tumia ndoo ya rangi iliyotobolewa. Mvua ikikatika na majani yakipukutika, karibu uache kabisa kumwagilia. Usiung'oe porini, mkubwa hujeruhika mizizi na mara nyingi huoza, na pori hubaki tupu. Chukua mbegu. Zimo kwenye maganda mawili yaliyoungana kama pembe. Yafunge kwa uzi kabla hayajapasuka, maana kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili na upepo wa Isiolo hauzisubiri. Zilaze juu ya mchanga, zifukie kidogo tu, na zikiwa mbichi huota ndani ya wiki moja au mbili. Tawi lililokatwa nalo hushika, likiachwa kivulini siku kadhaa hadi kidonda kikauke, lakini mara chache hupata shina nene kama la mche wa mbegu.