Sura ya Nne: Wino, Karatasi na Mkono

Wino wa muhuri wa ofisini umeundwa usikauke. Ndani yake mna maji, rangi na glisirini au kitu cha jamii yake, na glisirini hushikilia unyevu. Ndiyo maana pedi iliyofunikwa vizuri hukaa kwenye meza ya karani miezi mingi na bado inatoa wino. Wino huo ukigusa karatasi ya kawaida hunywewa na nyuzi zake, ndipo tunasema umekauka. Ukigusa karatasi inayong'aa hauna pa kuzama. Utabaki juu leo, kesho na keshokutwa, na kidole cha kwanza kitakachopita kitauburuta. Watu wengi wanaoanza kutengeneza kadi huilaumu pedi, kisha muhuri, kisha hununua wino wa bei kubwa zaidi, na kumbe tatizo ni karatasi waliyochagua.

Basi tuanze na karatasi. Katika maduka ya vifaa vya ofisi ya Nyamirambo, yale ambayo Kigali nzima huyaita papeteri, tafuta manila au bristoli isiyo na mng'ao. Ile ya fotokopi, ya gramu 80, iache kwa majaribio na kwa bahasha. Kadi inataka gramu 200 kwenda juu. Ikifika 300 itasimama vizuri mezani, ila usiikunje hivi hivi: weka rula, pitisha kwanza kitu butu, kwa mfano kalamu iliyokwisha wino, ndipo ukunje kwa kufuata mfereji huo. Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297. Ikate katikati, kila nusu ikunje mara moja, utapata kadi mbili za milimita 105 kwa 148. Kadi hizo zinaingia bila kubanwa katika bahasha ya C6, ambayo ina milimita 114 kwa 162. Nasisitiza bahasha mapema kwa sababu nimeona kadi nzuri sana za vipimo vya ajabu ambazo mnunuzi alizirudisha mezani baada ya kuuliza, "Dada, bahasha yake iko wapi?"

Karatasi ya kiwandani ina mwelekeo wa nyuzi. Ipinde taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande unaokubali bila ubishi ndiko nyuzi zinakoelekea, na mkunjo wa kadi uwe sambamba nazo. Ukikunja kwa kuzikatiza, mgongo wa kadi utachanika na kutoa vinyuzi, na hakuna nakshi itakayoficha aibu hiyo. Ukiwa bado na shaka, kata kipande kidogo ukilowanishe upande mmoja. Kitajiviringisha, na mstari wa kujiviringisha kwake ndio mwelekeo wa nyuzi.

Karatasi ya kutengenezwa kwa mkono inastahili neno refu zaidi, kwa kuwa Kigali ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 2004 ilianza hapa kampuni iitwayo Cards from Africa, ikaajiri vijana waliopoteza wazazi wao na kubaki na jukumu la kulea wadogo zao. Vijana hao walichukua karatasi taka za maofisini, wakazilowesha, wakazisaga zikawa rojo, wakazichuja kwenye fremu yenye wavu, wakazianika, na juu ya karatasi hiyo wakatengeneza kadi zilizouzwa nchi za ng'ambo. Ni kazi ya heshima, na kila anayeanza na ajaribu angalau mara moja. Lakini ajue kwamba karatasi ya namna hii ina kiu. Isipowekewa wanga, wino ukitua husambaa kwenye nyuzi na mstari uliochonga kwa uangalifu hutoka na manyoya. Dawa iko jikoni. Pika uji mwepesi wa unga wa muhogo, uchuje kwa kitambaa, acha upoe, upake kwa brashi pande zote mbili za karatasi iliyokauka, uianike tena chini ya kitu kizito. Wanga huziba matundu, na wino hutulia pale ulipowekwa.

Sasa muhuri. Fundi wa mihuri ya ofisi anaweza kukutengenezea muhuri wa mpira kutokana na mchoro wako, na kwa jina lako la biashara nakushauri umpe yeye. Kwa nakshi, chonga mwenyewe. Kifutio kikubwa cha shule ni mwanzo mzuri: kinakatika kwa wembe, kinapokea wino, kinadumu. Soli ya kandambili nyepesi ina faida nyingine. Ipashe moto kidogo mpaka ilainike, ikandamize palepale juu ya kitu chenye umbile, tuseme jani lenye mishipa au ukili uliosukwa, uishikilie mpaka ipoe. Soli itahifadhi alama hiyo, nawe umepata muhuri bila kuchonga chochote. Fanya hivyo penye hewa, na moto usiiguse soli yenyewe.

Wapi upate nakshi? Watu wetu wa pwani walikuwa wakipiga michoro ya kanga kwa mihuri ya mbao kabla kanga hazijaanza kuja zimechapwa viwandani, na macho ya mtu wa Nyamirambo yamezoea kanga na kitenge tangu utotoni. Lakini hapa Rwanda kuna hazina iliyo karibu zaidi, nayo ni imigongo ya mashariki mwa nchi, upande wa Kirehe. Mafundi wake huchanganya kinyesi cha ng'ombe na majivu, huinua matuta kwa vidole juu ya ubao, kisha hupaka rangi, zaidi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Mistari yake ni ya pembe, almasi na zigizaga. Kwa mchongaji wa mihuri hiyo ni neema. Mstari ulionyooka hukatika kwa wembe kwa pigo moja safi, wakati mviringo huhitaji mkono uliokomaa. Tena, pale penye tuta kwenye imigongo ndipo penye sehemu inayoshika wino kwenye muhuri. Macho hayahitaji kutafsiri chochote. Chonga pembetatu moja tu ya sentimita mbili, ipige huku ukiigeuza kila mara robo mzunguko, na utapata mpaka mzima wa kadi kutokana na kipande cha kifutio. Usinakili kazi ya fundi mmoja unayemjua ukaiuza kama yako. Jifunze kanuni zake, kisha panga mistari yako.

Maneno yana mtego wake: muhuri hugeuza kushoto kuwa kulia. Usijaribu kuandika herufi kinyume kwa akili. Ziandike kawaida kwenye karatasi nyembamba kwa penseli laini, ilaze karatasi kifudifudi juu ya kifutio, isugue kwa mgongo wa kijiko. Penseli itahamia kwenye kifutio ikiwa tayari imegeuka, nawe chonga unachokiona. Njia hii hufaa zaidi kwa "Eid Mubarak" ya herufi za Kiarabu, kwa sababu hapo hata mwelekeo wa kusoma unageuka, na nukta moja ikihama neno linaharibika. Mtaa huu unataka mihuri ya lugha kadhaa. Kiswahili kilifika Kigali pamoja na wafanyabiashara wa enzi za Wajerumani, kikapata makao Biryogo na Nyamirambo miongoni mwa Waislamu, na tangu mwaka 2017 ni moja ya lugha rasmi za nchi. Jirani yuleyule anayenunua kadi ya Idi kwako mwaka huu atataka pia, kwa Kinyarwanda, "Noheli nziza" ya kumpelekea mfanyakazi mwenzake, na "Isabukuru nziza" ya siku ya kuzaliwa kwa mtoto wa dada yake. Chonga maneno na nakshi kwenye mihuri tofauti, ili pambo moja litumike kwa sikukuu zote.

Tumefika kwenye kupiga chenyewe, na hapa ndipo wanafunzi wangu wengi hukosea kwa bidii. Usiutumbukize muhuri kwenye pedi kwa nguvu. Ushike muhuri uso juu, uigongeshe pedi juu yake, mara nyingi na kwa wepesi, huku ukiutazama kwa ubavu kwenye mwanga. Wino wa kutosha unaonekana kama utando sawa. Ukiona vijito vinavyometameta kwenye mifereji, umezidisha; gonga mara moja kwenye karatasi chakavu kwanza. Chini ya kadi weka kurasa tatu nne za gazeti, kwani meza tupu haina huruma kwa muhuri uliochongwa kwa mkono. Gazeti hubonyea na kuziwezesha sehemu zilizopungua urefu kufika kwenye karatasi. Shusha muhuri wima. Kandamiza. Usiutikise kwenda huku na huku, maana kingo zitaacha alama. Inua wima. Muhuri ukiwa mkubwa kuliko kiganja, geuza utaratibu: uache mezani uso juu, laza karatasi juu yake, isugue mgongoni kwa kijiko kuanzia katikati kwenda nje.

Baada ya pigo la kwanza, piga tena bila kuongeza wino. Alama ya pili hutoka hafifu, ya tatu hafifu zaidi. Hapo ndipo uhai wa kadi hupatikana kwa bei ya bure: majani ya mbele yamekolea, ya nyuma yamefifia, na jicho linaona kina. Ukitaka jani moja lionekane limejificha nyuma ya jingine, piga la mbele kwanza, kata umbo lake kwenye karatasi nyembamba, funika nalo alama uliyokwisha piga, kisha piga la pili likipanda juu ya kifuniko. Ondoa kifuniko. Hata mtu mzima hufurahi anapoyaona matokeo kwa mara ya kwanza.

Kwa mandhari ya nyuma tumia kipande cha sponji ya godoro. Kiguse kwenye pedi, kizungushe kwanza kwenye karatasi chakavu, kisha ingia kwenye kadi ukitokea nje ya ukingo, kwa mizunguko myepesi. Ukianzia katikati ya kadi utaacha doa lisilotoka.

Kupaka rangi ndani ya mstari uliopigwa kuna ukoo mrefu. Kadi ya kwanza ya Krismasi ya kibiashara, aliyoiagiza Henry Cole mjini London mwaka 1843 na kuchorwa na John Callcott Horsley, ilichapwa mistari tu, kisha watu wakaipaka rangi kwa mkono, nakala kama 1,000. Ukifuata njia hiyo kwa rangi za maji, wino wa pedi ya ofisi utakuangusha, kwani maji yatauyeyusha. Tafuta wino wa pigmenti, ambao chembe zake hukaa juu ya karatasi badala ya kuzama. Unachelewa kukauka, lakini ukishakauka hustahimili zaidi mwanga na maji, na huonekana hata kwenye manila nyeusi. Wino wa kawaida wa maji hupauka ukiwekwa dirishani. Kuna pia unga wa kuinua nakshi: unaunyunyiza juu ya wino mbichi, unakung'uta uliozidi, unaupasha moto mpaka uyeyuke na kung'aa. Mashine ya kukaushia nywele haifai, kwa kuwa inapeperusha unga kabla ya kuuyeyusha. Shikilia kadi juu ya pasi iliyogeuzwa, moto utokee chini.

Kigali ina mvua ndefu kuanzia Machi hadi Mei, na fupi kuanzia Septemba hadi Desemba, yaani msimu wenyewe wa kuandaa kadi za Noheli. Katika miezi hiyo karatasi hunywa unyevu wa hewa na kupinda, na wino wa pigmenti huchukua muda mrefu zaidi kukauka. Zianike kadi moja moja kwenye kamba ndani ya nyumba; kuzirundika zikiwa mbichi ni kuharibu kazi ya wiki. Kufungasha nako kuna sheria yake: Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008 na ikabana zaidi plastiki za kutumika mara moja mwaka 2019. Funga kadi na bahasha yake kwa ukanda wa karatasi uliopigwa muhuri uleule. Binafsi naona unapendeza kuliko nailoni yoyote.

Wanunuzi hawako mbali. Nyamirambo Women's Center, iliyoanzishwa na wanawake 18 mwaka 2007, huwatembeza wageni mitaani na ina duka la vitu vinavyoshonwa na wanawake wa hapahapa. Wala mapambo ya ziada hayako mbali: mafundi cherehani wa mtaa mzima hubakiza vipande vya kitenge ambavyo vinakaa vizuri kwenye kadi, mradi kitambaa kiwe kidogo na muhuri uongoze, au kinyume chake. Vikishindana kadi inachosha macho.

Ombi langu kwako ni moja. Usimuuzie mtu kadi kwa kumwonea haya au kwa kumtaka akuhurumie. Hesabu karatasi, wino, bahasha na saa zako, panga bei inayolipa, kisha nyuma ya kila kadi andika kwa kalamu jina lako na neno Nyamirambo.