Chozi si kolibri

Kila ninapoonyesha picha za ndege wa maua nilizopiga hapa Bukavu, wenzangu wa kitivo husema: «Kolibri!» Jina hilo limetufikia kupitia Kifaransa, nalo ni la ndege mwingine. Makolibri, spishi zaidi ya 300, wanaishi Amerika peke yake. Wa kwetu ni wa familia ya Nectariniidae, na Kiswahili kinamwita chozi. Wanafanana kwa kuwa wote hunywa maji matamu ya maua, wala si kwa undugu.

Kamera inaonyesha tofauti. Kolibri hunyonya akielea hewani, na huweza kuruka kinyumenyume. Chozi kwa kawaida hutua kwanza, ndipo huingiza mdomo wake uliopinda. Basi mpiga picha asimfukuze: achague ua linalotembelewa, anyamaze, angoje, jua likiwa mgongoni. Rangi ya dume hung'aa kutokana na jinsi manyoya yanavyorudisha mwanga. Mwanga ukikosea upande, Nectarinia kilimensis huonekana mweusi. Akigeuka kidogo, shaba na kijani vinawaka. Kiota chake, kifuko kinachoning'inia, tusikisogelee.

Je, chozi la jicho halituchanganyi? Upatanisho unajibu. Tunasema chozi hili limedondoka, lakini chozi huyu ametua; machozi haya yamekauka, lakini machozi hawa wameruka. Nomino inabaki na umbo lile lile, ila uhai ndio unaoamua viambishi. Ni mfano mzuri kwa somo la ngeli.

Mitaani nasikia zaidi kandege, wingi tundege. Ka- hiyo ya udogo ni tamu, lakini inamfaa kila ndege mdogo. Chini ya picha haitoshi. Kolibri nalo linamfundisha mtoto kwamba ndege wa uani kwao ni mgeni wa bara jingine. Wataalamu wa Kifaransa wenyewe humwita souimanga, neno lililotoka Kimalagasi: wameazima jina kwa watu wanaomwona ndege huyo.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Chini ya picha tuandike chozi, kisha tuwaulize wazee wanamwitaje kwa Mashi, Kihavu na Kilega, tuyaandike majina hayo kando yake kabla hayajasahauliwa.