Mfadhili kasema utafiti usomwe bure... sasa unafanyaje?

Leo siandiki siasa wala mpira. Naomba dakika kumi za muda wenu wa kafe, maana jambo lenyewe linamgusa yeyote mwenye ndugu chuoni au kwenye mradi wa utafiti.

Miezi miwili iliyopita dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alinifuata hapa kafe uso umemshuka. Yeye yupo kwenye mradi wa malaria, kazi yake ni kuzunguka vijijini kupima watu damu kidoleni. Yeye na wenzake waliandika makala, ikakubaliwa Septemba 2025 na jarida moja la nje. Tukanywa soda kabisa. Sasa imekuja barua pepe: makala haina namba inayoitwa PMCID, na fedha za mwaka unaofuata zinaweza kuchelewa mpaka hilo lirekebishwe. Fedha hizo ndizo zinazomlipa.

"Mdogo wangu, si wewe mtu wa mtandao? Iweke basi mtandaoni."

Nikaona kazi ndogo. Nikafungua ukurasa wa jarida ili niishushe... wanataka dola zaidi ya 30! Jamani, damu imetolewa kijijini kwetu, aliyeandika ni dada yangu, halafu kuisoma tununue? Bahati nzuri dada alikuwa na nakala yake ya PDF. Nikamwambia tuibandike kwenye blogu yangu, mambo yaishe. Kumbe ningemwingiza matatani. Basi nikakaa kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Sharti limetoka wapi?

Utafiti mwingi wa afya hulipiwa na fedha za kodi au za mifuko ya hisani. Wafadhili wakaona si haki kulipia utafiti halafu matokeo yafungiwe na wachapishaji. Wellcome Trust ya Uingereza ilianza kuweka sharti mwaka 2005. NIH, yaani Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, walifuata mwaka 2008, ila waliruhusu kusubiri hadi miezi 12 kabla makala haijafunguliwa. Kusubiri huko kumekwisha: makala yoyote iliyokubaliwa kuanzia tarehe 1 Julai 2025 lazima isomeke bure siku ileile inapochapishwa. Mradi wa dada unalipiwa na NIH, kwa hiyo sheria mpya inamhusu moja kwa moja.

Kosa la kwanza: kuchanganya PubMed na PMC

Dada alidai, "Mbona makala ipo PubMed, nimeiona!" Kweli ipo. Lakini PubMed ni kama orodha ya vitabu: inakupa jina la makala na muhtasari, pamoja na namba ya PMID. PubMed Central, au PMC, ndiyo kabati lenyewe, makala nzima imo, na namba yake ni PMCID. Mfadhili anataka hiyo ya pili. Herufi moja tu, lakini fedha zinakwama hapo!

Kosa la pili: kupeleka faili lisilo lenyewe

Makala ina sura tatu. Kuna ile unayoituma mara ya kwanza. Kuna ile iliyokwishapita kwa wahakiki, ukarekebisha, mhariri akasema sawa. Na kuna ile nzuri yenye nembo ya jarida. Hiyo yenye nembo mara nyingi ina mkono wa mchapishaji kutokana na mkataba uliosaini, na ndiyo niliyotaka kuibandika mimi. Inayotakiwa ni ile ya katikati, mswada uliokubaliwa, pamoja na majedwali na picha zake. Faili hilo lilikuwa kwenye barua pepe ya bosi wake dada, limelala tu.

Kosa la tatu: kupakia halafu kwenda kulala

Majarida mengine hupeleka makala PMC yenyewe, mengine hukuachia wewe. Usidhani, uliza. Kama ni wewe, unapitia mfumo unaoitwa NIHMS. Mtu mwingine anaweza kukupakilia, lakini mwandishi mwenyewe lazima aidhinishe mara mbili: kwanza faili lililopakiwa, halafu muonekano wa mwisho baada ya wao kulipanga. Watu wengi hukwama hiyo mara ya pili. Barua pepe inakuja, haifunguliwi, na namba haitoki.

Je, ukiwa na mfadhili mwingine?

Usinakili ya dada yangu, kila mfadhili ana lake. Wellcome wanataka makala iwe Europe PMC siku inapochapishwa, tena kwa leseni ya CC BY, yaani mtu yeyote aruhusiwe kuitumia na kuisambaza mradi amtaje mwandishi. Gates Foundation kuanzia Januari 2025 hawalipi tena ada za uchapishaji. Wanachodai ni mswada uwekwe wazi mtandaoni mapema, hata kabla wahakiki wa jarida hawajaupitia.

Na hizo ada zisikutishe mpaka ukakimbilia jarida la kitapeli. Majarida mengi yanayosomwa bure huwasamehe waandishi wa nchi za kipato cha chini. Ila omba msamaha huo wakati unatuma makala, usingoje ikubaliwe.

Kwa kifupi: soma sharti la mfadhili kabla ya kuchagua jarida, soma mkataba kabla ya kusaini, tunza mswada uliokubaliwa, na fungua barua pepe zako.

Dada je? Bosi alitoa faili, likapakiwa, akaidhinisha mara zote mbili. Wiki iliyopita namba ikatoka. Tulifungua makala hapahapa kafe, ikaja yote, bila hata senti ya dola. Dada akaprinti kurasa za matokeo. Kuna mwenyekiti wa kitongoji kila akimwona humuuliza, "Damu zetu mlichukua, majibu yako wapi?" Kiingereza chake kigumu, lakini amesema ataenda kukaa naye amweleze mstari kwa mstari.

Muda wangu unakatika. Kama yamekukuta kama haya, andika hapo chini tusaidiane.